Picha ya Hori ya Mkadini

"Usiiguse, Mwalimu."

Mwalimu Hamood akaurudisha mkono mgongoni kama mwanafunzi aliyekamatwa. Inspekta Nyange Masika akavua kofia, akaiweka juu ya kiti kilichokuwa karibu na mlango, akaupita ukumbi mzima mpaka kwenye ukuta wa mwisho.

Picha zilitundikwa pande zote. Mabonde ya mpunga, vilima vya mikarafuu, njia ya Wesha na matope yake ya vuli. Waliozichora ni watu wa papa hapa Chake Chake, walimu na makarani, ambao siku za mapumziko walitoka pamoja na rangi zao kwenda kuchora mandhari ya kisiwa. Leo Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, milango ilikuwa ifunguliwe kwa kila mtu, na kitakachopatikana kikanunue mashua ya mashine ya kuwaleta wagonjwa hospitali kutoka visiwa vidogo.

Picha ya katikati ya ukuta ilikuwa na tundu. Mtu ameukata moyo wa picha kwa kisu, kipande cha ukubwa wa sahani, kisha akaichana iliyobaki, juu na chini, kama mwenye hasira.

Nyange aliinama. Sakafu ilikuwa safi. Akatazama chini ya viti, nyuma ya pazia, na nje ya dirisha la nyuma, kwenye majani.

"Kipande kilichokatwa kiko wapi?"

"Hatukukiona," alisema Hamood.

Inspekta akausogelea ukingo wa tundu, akaugusa kwa ncha ya kidole. Kidole kilinata. Akakinusa.

"Hii nini?"

"Sandarusi," alijibu mwanamke aliyesimama pembeni, mikono ameikunja kifuani, buibui limemshuka mabegani. "Tunapaka juu ya rangi ili picha ing'are. Niliipaka jana alasiri. Hukawia kukauka. Na kabla hujaniuliza, maana kila aliyeingia humu leo kaniuliza, maonyesho hayafutwi."

Huyo alikuwa Bi Mwanabaraka, mwalimu wa skuli ya wasichana, mjane, ndiye mwenye picha.

"Sikutaka kukuuliza hilo, Bi Mwanabaraka."

"Basi tutaelewana."

Koplo Pandu, aliyekuwa mlangoni akiwazuia watu, alisogea na kushusha sauti. "Afande, hili halitaki kufikiri sana. Jana Ijumaa Shehe Msellem kasema mimbarini kuchora viumbe ni haramu. Vijana wake wamesikia, wamekuja na kisu. Basi."

"Viumbe," Nyange alirudia. Akaitazama picha iliyochanwa. Maji ya hori, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, mikoko pande mbili, kilima nyuma. Hapakuwa na mtu, wala ndege, wala mbuzi. Kisha akatazama picha iliyokuwa jirani yake. Ng'ombe mwekundu, mnene, amefungwa kwenye mnazi na ametoa ulimi.

"Ng'ombe huyu wa nani?"

"Kauleta mke wa daktari wa Kizungu mchoro ule," alisema Hamood kwa aibu kidogo. "Hatukuweza kumkatalia."

"Na ng'ombe hana hata mkwaruzo." Inspekta alionyesha kwa kidole bila kugusa. "Tazama na huku, Koplo. Michano yote inaanzia kwenye ukingo wa tundu kwenda nje. Hakuna hata mmoja uliovuka ukatokea upande wa pili. Maana yake tundu limetangulia. Mwenye hasira huchana kwanza. Huyu kakata kwanza, kwa utulivu, kakitia mfukoni alichokitaka, ndipo akachana ili tudhani ana hasira."

Akaenda kwenye dirisha la nyuma. Mbao nzima, hakuna alama ya chuma. Komeo limevutwa, na komeo lile liko ndani.

"Nani alilifungua hili?"

"Hakuna," alisema Hamood. "Mimi ndiye niliyefunga mlango jana baada ya magharibi. Dirisha hatukuligusa kutwa."

"Aliligusa mtu aliyekuwa humu ndani mchana, akalivuta komeo taratibu, akarudi baadaye kwa nje. Jana waliingia nani?"

Hamood alihesabu kwa vidole. Yeye mwenyewe. Bi Mwanabaraka. Wachukuzi wa viti, ambao hawakuvuka mlango. Shehe Msellem, aliyeitwa na Hamood aje atazame ili asiseme kwa kusikia. Na Bwana Mmanga, mfanyabiashara wa Wesha, ambaye ndiye aliyetoa viti na taa na ndiye atakayefungua maonyesho.

"Unamwona Shehe kamo?" Koplo alinong'ona.

"Namwona," alisema Nyange, akachukua kofia yake.

Kwenye kituo cha polisi, Mrakibu, mkuu wa Nyange, alikuwa amesimama dirishani. Alikuwa Mwingereza mrefu aliyekisema Kiswahili kama anakisoma.

"Uchaguzi uko karibu, Inspekta. Watu wanagombana hata visimani. Leo wanagombana kwa picha. Mimi sitaki. Mkamate shehe huyo, na ukumbi ufungwe kabla ya alasiri."

"Na kama si yeye, bwana?"

"Atatoka."

"Mtu kama yule ukishamchukua mbele ya msikiti wake, hata ukimwachia, watu hawataona kwamba ameachiwa. Wataona kwamba alikamatwa. Na huo ugomvi usioutaka utaupata leo hii."

Mrakibu aligeuka. "Unakataa amri?"

"Naomba mpaka alasiri."

Mrakibu alichukua kalamu, akaiweka tena. "Mpaka alasiri. Mimi mwenyewe nitakuja ukumbini. Nikikuta huna mtu, nitafunga mlango kwa mkono wangu, na wewe utaandika maelezo."

"Nitaandika," alisema Nyange, akatoka.

Shehe Msellem alikuwa barazani kwake, msahafu juu ya mto mapajani. Hakuinuka, lakini salamu aliirudisha kwa ukamilifu, akaulizia na wazee wa Nyange huko Tumbe, wote kwa majina. Kisha akaufunga msahafu.

"Umekuja kunichukua?"

"Nimekuja kukuuliza, Shehe. Jana ulisema nini mimbarini?"

"Nilisema kiumbe chenye roho hakichorwi. Nikasema nimesikia kuna ng'ombe. Juu ya mikarafuu sikusema kitu. Mti hauna roho ya kudaiwa."

"Kisha ukaenda kutazama."

"Hamood aliniita, nikaenda. Nikamwambia, huyu ng'ombe wenu simtaki, mengine ni miti na maji ya Mwenyezi Mungu, nendeni nayo. Nikamwombea dua na mashua yao ipatikane." Akamtazama Inspekta usoni. "Baada ya magharibi nilikwenda mazikoni Kangagani. Nimelala huko, nimerudi asubuhi hii na gari la abiria. Waulize waliokuwa nami, ni kijiji kizima. Na jengine, Inspekta. Ningekuwa mtu wa visu, ningeanza na ng'ombe."

Nyange alijizuia asicheke. "Ulipokuwa ukumbini, alikuwepo nani mwengine?"

"Bwana Mmanga. Alisimama mbele ya picha ile ya Mwanabaraka mpaka nikamsahau. Baadaye nikamsikia anamtaka amuuzie, pale pale, kabla ya watu. Mwanabaraka akamkatalia. Mmanga akaongeza. Akamkatalia tena. Nikasema moyoni, kumbe tajiri naye hukataliwa."

"Alikuwa wapi alipomaliza?"

"Nyuma, dirishani. Alisema anatafuta hewa."

Nyange aliinuka na kuaga.

"Mwambie Mzungu wako," Shehe alisema nyuma yake, "akinitaka asinitafute. Baada ya alasiri nitakuwa ukumbini. Nakwenda kwa miguu yangu, mchana, na kila mtu atanitazama."

Ukumbini alimkuta Bi Mwanabaraka ameketi mbele ya picha yake iliyochanwa. Karibu naye, chini, aliketi kijana aliyevaa shuka na shati lililofuliwa, macho yake yamezama ndani.

"Huyu ni Ame," alisema Bi Mwanabaraka. "Katoka Mkadini, kisiwani, na wenziwe wako njiani. Alikuwa mume wa Mwatum, mtoto wa dada yangu. Mashua hii tunayoitafuta ni kwa sababu ya Mwatum."

Nyange alimpa Ame mkono na pole, kisha akavuta kiti.

"Bi Mwanabaraka, katikati ya picha palikuwa na nini?"

"Mashua."

"Mashua gani?"

"Mimi si mtu wa vyombo, Inspekta. Mashua ya mashine, imefungwa ndani ya mikoko, imefunikwa makuti nusu nzima. Nilipenda ile rangi iliyobaki nje, kibanda cha buluu kabisa katikati ya kijani. Bila ile buluu, picha yote ingekuwa imelala."

Ame aliinua kichwa.

"Hori hii iko wapi?" Nyange aliendelea.

"Mkadini, upande wa nyuma. Tulikaa juu ya kilima cha ng'ambo, mimi na Mwalimu Hamood. Yeye alichora upande wa mashamba, alinipa mgongo."

"Siku gani?"

Bi Mwanabaraka aliunyosha mkono mpaka kwenye kona ya chini ya picha, mahali ambapo kisu hakikufika. Kona ile ilikuwa kitambaa cha merikani kitupu, hakina rangi.

"Hapa ndipo nilipoitwa. Walikuja mbio kuniambia Mwatum uchungu umemkalia vibaya na wanampeleka pwani. Niliiacha brashi kwenye majani. Nilipokuja kuichukua picha baadaye, sikuweza kuimaliza. Nikasema na ibaki hivyo hivyo. Ndiyo maana siiuzi."

"Bwana Mmanga alikuuliza siku?"

"Aliniuliza. Alisema, hii umeichora lini? Nikamwambia kama nilivyokwambia wewe."

"Kabla ya kutaka kuinunua, au baada?"

Bi Mwanabaraka alimtazama. "Kabla. Nilipomwambia tu, ndipo akataka kuinunua."

Nyange alimgeukia Ame. "Siku ile, bwana Ame, ulifanya nini?"

Ame alizungumza taratibu, kwa Kipemba chake cha kisiwani. "Mie n'kenda Wesha kwa mtumbwi, peke yangu, n'kipiga kasia. Kyombo kya mashine kya karibu ni kya Bwana Mmanga. N'kamkuta dukani. N'kamwambia, mke wangu anakufa, nipe kyombo. Kanambia mashine mbovu, imefunguliwa, iko kwa fundi Wete. Kaniapia. N'karudi. Tukamtia Mwatum ngalawani." Akaitazama kona tupu ya picha. "Hatukufika Wesha naye hai."

"Kibanda cha chombo chake rangi gani?"

"Buluu," alisema Ame. Neno lile lilipomtoka akasimama wima. "Buluu! Kyombo kilikuwa kwetu? Nyuma ya mikoko yetu? Mie nakipigia kasia kwenda Wesha, nacho ki nyuma ya nyumba yangu?"

Alikuwa ameshafika mlangoni Koplo Pandu alipomkamata kwa mikono miwili.

"Niachie!"

"Ame," Bi Mwanabaraka alisema, sauti yake haikupanda. "Ukimpiga, utafungwa wewe, na yeye ataleta viti vingine asifiwe. Kaa. Mwache Inspekta aende."

"Huo ni ushahidi wa kumbukumbu," Nyange alisema, akivaa kofia. "Picha haina tena mashua. Nataka kitu cha kushika mkononi. Ame, nipe muda nikatafute."

Ghala la Bwana Mmanga lilikuwa hatua chache kutoka gati ya Wesha. Karafuu zilijaa magunia mpaka darini, harufu yake inakaba. Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye meza ndogo mlangoni, mtu wa miaka hamsini hivi, kanzu nyeupe imepigwa pasi, mnyororo wa fedha kiunoni. Mezani palikuwa na kikapu cha machungwa.

"Inspekta! Karibu, karibu. Nimesikia. Watu hawana haya. Mmemjua ni nani?"

"Bado tunauliza. Nimekuja kwako kwa sababu wewe ndiye mfadhili."

"Mimi nimesema, maonyesho yaahirishwe. Watu wana joto. Nimempelekea salamu Bwana Mrakibu asubuhi, amekubaliana nami."

"Naam, ameniambia yafungwe." Nyange aliketi bila kuambiwa. Mikono ya Bwana Mmanga ilinuka mafuta ya taa, harufu iliyopita hata karafuu. "Leo umeshughulika na taa mwenyewe, Bwana Mmanga?"

"Taa? Ah, naam. Zile za ukumbini. Vijana hawajui kuzitia mafuta."

"Taa za ukumbini ziliwekwa jana. Lakini si kitu." Inspekta alichukua chungwa, akaligeuza. "Machungwa mazuri haya. Nimetembea tangu asubuhi. Nipatie kisu."

"Sina kisu. Ngoja nimwite mtu."

"Hicho kilicho kwenye mnyororo?"

Mkono wa Bwana Mmanga ulikwenda kiunoni ukakaa pale. "Hiki kibovu."

"Naona kila kitu chako huwa kibovu kinapotakiwa. Nipe, tafadhali."

Hakukuwa na tafadhali katika sauti. Bwana Mmanga alikifungua kifungo cha mnyororo, akakisukuma kisu juu ya meza. Kilikuwa kisu cha kukunja, mpini wa pembe. Nyange alilitia ukucha tumbo la chuma, akavuta. Hakikufunguka. Akavuta tena kwa nguvu. Kiliachia kwa sauti ya kitu kilichogandana, na utando wa manjano ukanyooka kati ya chuma na mpini, mwembamba kama uzi wa buibui.

Akakinusa. Kisha akakiweka kwenye mwanga wa mlango. Chini kabisa, kwenye bawaba, palikuwa na punje ya rangi ya buluu.

"Sandarusi hunata," alisema Nyange. "Mikono umeisafisha kwa mafuta ya taa. Kisu umekikunja sandarusi ingali mbichi, ukakisahau."

Gatini, mbali kidogo, watu walikuwa wakipakua vyungu. Bwana Mmanga aliwatazama mpaka wakamaliza.

"Unataka nini, Inspekta?"

"Kujua kilichokuwa kwenye mashua siku ile."

"Unakijua. Wewe ni mtoto wa Tumbe, hukuzaliwa jana. Karafuu. Bei ya Mombasa si bei ya hapa, na mimi si wa kwanza kuzipeleka kwa magendo. Ningeitoa mashua mchana ule, ikiwa imejaa, niilete hapa gatini mbele ya forodha? Ningefilisika."

"Ungeipakua pwani ya Mkadini."

"Sikujua kama atakufa! Wanawake huzaa kila siku." Alijifuta uso. "Sikiliza. Mnatafuta mashua. Nitawapa ile ile, na mashine yake, leo. Kesho asubuhi visiwa vyote vina chombo cha wagonjwa. Ninachotaka ni picha moja tu ishushwe, na wewe useme kisu hukukiona. Ukikataa utapata nini? Mtu aliyeharibu kitambaa. Nitalipa faini nirudi hapa nikae. Mashua itashikwa na serikali, na mwanamke mwengine ataumwa kisiwani, nawe utakwenda kumwambia mumewe kwamba ulikuwa mwaminifu."

Nyange alikikunja kisu ndani ya leso yake. Chungwa alilirudisha kikapuni.

"Maneno hayo umeyapanga vizuri. Mwenye kuyajibu si mimi. Vaa viatu, twende ukayaseme kwa wenyewe."

Nje ya ukumbi watu walikuwa wameshajaa mpaka barabarani. Alasiri ilikuwa imekwisha kusaliwa. Shehe Msellem alikuwa amesimama mbele kabisa, fimbo mkononi, na aliyemtazama alitazamwa. Wanawake wa Mkadini walikuwa wamekaa kivulini mwa ukuta, wamechoka na safari.

Ndani, mlango ukiwa umefungwa, Bwana Mmanga aliyasema maneno yake kwa mara ya pili. Safari hii yalitoka mafupi. Inspekta alikiweka kisu juu ya kiti, akayaongeza aliyoyaona.

"Mjue na haya," alimaliza. "Sheria ya dirisha na ya kisu ninayo. Ya karafuu nitawaachia forodha. Ya Mwatum sina. Nimeitafuta njia nzima kutoka Wesha, sina."

"Hiyo tunayo sisi," alisema Bi Mwanabaraka.

Mwalimu Hamood alikohoa. "Lakini Bi Mwanabaraka, mashua kamili, na mashine... Tutauza picha miaka mingapi?"

Hakuna aliyemlaumu kwa kuuliza. Bi Mwanabaraka alimtazama mume wa mtoto wa dada yake. "Mkeo, Ame. Sema weye."

Ame hakumtazama Mmanga. Alikitazama kile kisu. "Na akiumwa mwengine kesho?"

"Tutapiga kasia, kama tulivyopiga," alisema Bi Mwanabaraka. "Na kesho kutwa pia, mpaka tununue chetu. Siwezi kukuahidi kwamba hatokufa mtu. Lakini huyu akitupa chombo leo, siku akikitaka atakichukua, na sisi tutakuwa tumeshanyamaza. Hatutakuwa na mashua wala mdomo."

Ame aligeuka, akaitazama picha iliyochanwa.

"Sikitaki," alisema. "Kyombo kile sikitaki. Picha ikae."

Mlango uligongwa, akaingia Mrakibu, uso umemwiva kwa jua. Aliwatazama wote, akamwona Bwana Mmanga, akashangaa.

"Inspekta. Muda umekwisha."

"Mtu ninaye, bwana. Ni huyu, na kisu chake kile pale. Atashitakiwa kwa kuvunja na kuharibu, na forodha wana maswali yao."

Mrakibu alimtazama mfanyabiashara, akingoja akanushe. Bwana Mmanga alitazama sakafu.

"Vizuri," Mrakibu alisema mwishowe, kwa ugumu. "Umpeleke kituoni. Picha hii iondolewe, watu watawanyike. Nje pamejaa sana. Akisimama mtu mmoja akaeleza habari hii, patachafuka."

"Picha haiwezi kuondolewa, bwana. Ni ushahidi, na iko mahali pa tukio. Sijamaliza kazi yangu hapa."

"Basi ufunge ukumbi mpaka umalize."

"Mahali pa tukio pako mikononi mwa mpelelezi, aingie nani na atoke nani. Ndivyo tulivyofundishwa, na wewe ndiye uliyetufundisha." Nyange alisimama wima kabisa, mikono ubavuni. "Nahitaji mashahidi wanaoijua hori ya Mkadini. Wako nje. Ukitaka nisiwaite, niandikie amri hiyo kwa mkono wako na utie saini."

Kutoka nje ilisikika sauti ya Shehe Msellem ikiwaambia vijana wapange safu, wanawake watangulie, na asisukumwe mtu.

"Utahamishwa, Nyange," alisema Mrakibu.

"Naam, bwana. Koplo! Fungua mlango."

Pandu aliyavuta makomeo yote mawili. Mwanga uliingia, na nyuma yake watu, kimya kwanza, wakivua viatu ingawa hakuna aliyewaambia. Kwa idhini ya Inspekta, Bi Mwanabaraka aliichukua picha yake ukutani, akaileta mbele na kuisimamisha juu ya kiti cha kwanza, mahali ambapo kila anayeingia lazima aipite. Inspekta alimketisha Bwana Mmanga kando yake, na Koplo nyuma. Hakumfunga pingu.

Wa kwanza kuingia alikuwa Bi Kazija, mama wa Mwatum. Alikuwa amekaa safari nzima ndani ya ngalawa na bado kanga yake ilikuwa na maji ya chumvi. Alisimama mbele ya picha. Aliitambua mikoko, akaitaja, akakitambua kilima. Kisha akautia mkono kwenye tundu, ukatokea upande wa pili.

"Mdogo wangu, hapa palikuwa na nini?"

Bi Mwanabaraka alikuwa na jibu mdomoni, na kila mtu aliliona. Akamwonyesha Bwana Mmanga kwa kidevu.

"Muulize yeye, dada."

Bi Kazija aligeuka. Alimjua Bwana Mmanga, kama walivyomjua wote; ni yeye aliyeleta sanda ya Mwatum.

"Bwana Mmanga, hapa palikuwa na nini?"

Mfanyabiashara alimtazama Mrakibu. Mrakibu alikuwa akitazama ng'ombe. Alimtazama Inspekta, akakuta macho yanayomngoja.

"Mashua," alisema.

"Ya nani?"

Safu yote ilikuwa imesimama. Mlangoni watu walinyanyua shingo wakiuliza mbona haiendi.

"Yangu."

"Siku gani?"

Alisema kitu ambacho aliye karibu tu angeweza kukisikia. Bi Kazija alikisikia. Alibaki ameinama kwake, mkono mmoja juu ya mgongo wa kiti. Ame akaja kumshika, naye akamkataa kwa kiwiko. Alipoinuka alikuwa amekaza uso, na sauti yake ilifika mpaka barabarani.

"Sema kwa nguvu, bwana. Huko nyuma kuna watu wa Mkadini, hawajakusikia."